Nimepewa orodha ya kutia vema. Je, ndiyo itakayonionyesha mwanafunzi anayefikiria kujiua?

SWALI

Kwenu washauri, salamu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ndiye ninayesimamia unasihi shuleni kwetu. Baada ya semina ya afya ya akili, mkuu wa shule alinikabidhi karatasi yenye vihatarishi 14 vya mawazo ya kujiua kwa wanafunzi: kuonewa na wenzake, kufiwa, wazazi kutengana, kushuka kimasomo, ulevi nyumbani, na vingine vya namna hiyo. Ameagiza nitie alama ya vema kwa kila mwanafunzi, kisha nimpelekee majina ya wenye alama nyingi ili wazazi wao waitwe.

Nimeanza na wanafunzi 180. Wenye alama tatu na kuendelea wamefika 60. Papo hapo, binti mmoja wa miaka 15, hodari darasani, ambaye hana alama hata moja, ameandika katika insha yake: "Usiku huwa naomba nilale nisiamke, ili nyumbani wapumzike na gharama zangu." Nilimpigia simu mama yake. Akasema binti anatafuta kuonewa huruma tu, nisimchochee. Binti mwenyewe ameniomba nisimwambie mtu mwingine.

Yupo pia mvulana wa miaka 14. Wenzake wanamdhihaki kwenye kundi sogozi la darasa, siku hizi anasinzia vipindi vyote, na juzi amempa rafiki yake viatu vyake vya mpira akisema yeye havihitaji tena.

Walimu wenzangu wananionya nisiwaulize moja kwa moja kuhusu kujiua, eti nitawatia wazo ambalo hawakuwa nalo. Kati ya hayo 14, yapi ni mazito? Nitawaulizaje? Na mmoja akijibu "ndiyo", nifanye nini?

Mwalimu mnasihi

JIBU

Mwalimu,

Kwa leo weka orodha kando. Binti wa insha na mvulana wa viatu waonwe leo hii, kila mmoja peke yake, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Barua hii ikikufikia jioni, fika kwao au piga simu kwa mtu mzima anayeweza kukaa nao usiku huu, kisha uwaone asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.

Sababu ni kwamba hao wawili wameshavuka hatua ya vihatarishi. Wameonyesha dalili. Kihatarishi ni ukame, dalili ni moshi. Kufiwa, umaskini na ugomvi wa wazazi ni mambo yanayoongeza uwezekano, na wengi wanaoyapitia hawafikii kamwe kutaka kufa. Kuandika kwamba hutaki kuamka, kugawa vitu unavyovipenda, kuaga watu bila safari, kusema "hamtanihangaikia tena", kuanza kutafuta njia, au kutulia ghafla baada ya wiki nyingi za huzuni, hayo ni mambo ya leo. Mwenye kihatarishi unamwangalia kwa karibu; mwenye dalili unamuuliza siku hiyo hiyo.

Hofu ya wenzako tunaielewa, na inatokana na kuwapenda watoto. Lakini imeshapimwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa shule 6 za sekondari katika jimbo la New York, Marekani, wenye wanafunzi zaidi ya 2,000. Takriban nusu walijibu dodoso lenye maswali ya kujiua, nusu dodoso lisilo na maswali hayo, na siku mbili baadaye wote wakaulizwa. Walioulizwa mapema hawakuwa na mawazo ya kujiua wala fadhaa zaidi ya wenzao. Miongoni mwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na waliowahi kujaribu kujiua, walioulizwa walionekana kuwa na nafuu kuliko wasioulizwa. Wazo, likiwepo, lilikuwepo kabla yako. Mtoto alikuwa analibeba peke yake.

Tafuta mahali ambapo hamtasikika lakini mnaweza kuonekana kwa dirisha, maana usalama ni wake na wako pia. Zima simu. Tenga nusu saa ambayo hutaikatiza kwa kipindi. Kaa pembeni yake, meza isiwe katikati. Kabla hajasema lolote, mweleze mpaka wa siri: "Utakayoniambia sitayatangaza. Ila nikiona uhai wako uko hatarini, nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia, na wewe utajua kabla sijamwambia." Mpaka huu ukiutaja baada ya kukiri, ataona umemtega.

Anza na ulichokiona kwa macho, usianze na tafsiri yako. Kwa binti: "Nimesoma insha yako. Umeandika kwamba huomba usiamke. Hujakosea kuandika, nimekuita kwa sababu nimejali." Kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kitakuelemea wewe kuliko yeye, na walimu wengi hukijaza kwa mawaidha, mtoto akafunga mdomo wake hapo hapo. Kiache.

Ndipo uulize. Wataalamu hutumia mfululizo wa maswali unaopanda ngazi. Ule uitwao wa Columbia, kwa jina la chuo kikuu cha Marekani, ndio unaotumika sana, na kwa lugha yetu huenda hivi. Katika mwezi uliopita, umewahi kutamani ungekuwa umekufa, au ulale usiamke? Umewahi kuwa na mawazo ya kujiua? Akikana la pili, ruka hadi la mwisho. Akikubali, endelea: umefikiria utafanyaje? Umekuwa na nia ya kuyatekeleza mawazo hayo? Umeanza kupanga au kuandaa chochote? Na la mwisho, ambalo huulizwa kila mtu: umewahi, wakati wowote maishani, kufanya jambo, kuanza kulifanya au kujiandaa kulifanya ili ufe? Kama ndiyo, ilikuwa ndani ya miezi 3 iliyopita?

Litamke neno "kujiua". Ukisema "kufanya jambo baya" au "mambo ya kijinga", atajua kwamba hata wewe unaliogopa. Usiulize "Hufikirii mambo ya ajabu, sivyo?" kwa kuwa umeshamwekea jibu mdomoni. Usichanganye pia kujiua na kujidhuru. Wapo wanaojiumiza ngozi ili kupunguza uchungu wa ndani bila kutaka kufa, na akiulizwa kwa neno moja linalobeba yote mawili, jibu lake halikusaidii. Uliza kila moja kwa zamu yake, ukikumbuka kwamba kujidhuru leo huongeza hatari ya kujaribu kujiua baadaye hata kama leo nia hiyo haipo.

Majibu yake ndiyo yanayopanga mwendo wako. Amekubali maswali mawili ya kwanza tu: mzazi au mlezi ajulishwe, na apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili ndani ya siku chache, huku wewe ukimwona kila siku ya shule. Amefikiria namna ya kufanya, au aliwahi kujaribu zamani: mpigie mtaalamu leo, akuelekeze aonwe lini na wapi. Ana nia, ana mpango, ameandaa, au alijaribu ndani ya miezi 3: hiyo ni dharura sawa na mtoto anayevuja damu. Asiachwe peke yake hata dakika moja, chooni asindikizwe, mwalimu wa pili aitwe akae naye wakati wewe unapiga simu, na aende hospitali akiwa na mtu mzima. Usimpe barua aipeleke mwenyewe nyumbani. Usisubiri Jumatatu.

Maneno mengine yanayotoka mdomoni kwa nia njema huumiza. "Fikiria mama yako atakavyolia" ni mojawapo, na kwa binti huyu ni baya zaidi ya yote. Irudie sentensi yake: anataka kufa ili nyumbani wapumzike na gharama. Anajiona mzigo. Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa hukua pale hisia mbili zinapokutana, ya kujiona mzigo kwa watu na ya kujiona huna mahali pako kati yao. Ukimwongezea machozi ya mama umemwongezea mzigo. Mahubiri kuhusu dhambi nayo yangoje, hata kama imani yenu ni moja, kwani saa ya kwanza ni ya kusikiliza. Usimwapishe pia wala kumtilisha sahihi kwamba hatajiua. Ahadi hiyo haijaonyesha kumlinda mtu, na kinachobaki ni mtoto anayeogopa kukuambia mawazo yakirudi.

Badala ya kiapo, andikeni mpango wa usalama. Ulibuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown, una sehemu sita, na huandikwa kwa maneno na mwandiko wa mwanafunzi kwenye karatasi ya kuingia mfukoni. Kwanza, dalili zake mwenyewe kwamba wimbi linakuja. Huenda ni kufika kwa bili nyumbani, au saa nne usiku taa zikizimwa. Pili, mambo anayoweza kuyafanya peke yake yakapunguza makali: kuoga, kuchora, kusali, kutembea. Tatu, watu na sehemu za kumtoa mawazoni, bila kulazimika kueleza chochote. Nne, watu wa familia au marafiki wa kuwaambia wazi, na namba zao. Tano, wataalamu na huduma ya dharura, namba zao pia. Sita, namna ya kuweka mbali vitu vinavyoweza kumdhuru. Kosa la kawaida ni mwalimu kuujaza kwa mawazo yake: "sikiliza muziki, zungumza na rafiki." Kila mstari muulize: hili kweli ungelifanya? Nini kitakuzuia? Kama rafiki aliyemtaja hana simu, mstari huo ni wa kubadilishwa sasa hivi.

Kuhusu ombi lake la siri, mrudie kwa ukweli: "Uliniomba nisimwambie mtu. Siri inayoweza kukugharimu uhai siwezi kuitunza. Ila utachagua tuanze na nani, uwepo au usiwepo, na yapi unaniruhusu niyaseme." Mtoto aliyepewa chaguo hukasirika, lakini hurudi. Aliyezungukwa harudi. Ipo hali moja tu ya kupita njia nyingine: pale nyumbani penyewe ndipo panapotoka madhara, kipigo au unyanyasaji wa kingono. Hapo usimwite anayemtesa. Nenda kwa ustawi wa jamii au mamlaka ya kulinda watoto, na uwe na mtoto hadi wafike.

Mama yake usibishane naye kama binti anatafuta huruma au la. Mtoto anayelazimika kutaja kifo ili asikilizwe tayari ana shida inayotosha. Mwite, usimalize kwa simu, mkaribishe kwa heshima na umweleze mambo matatu kwa mpangilio: mwanao ameandika hivi, nimemuuliza amejibu hivi, na usiku wa leo tunakuomba hivi. Hivi vyenyewe ni kwamba binti asilale chumba cha peke yake, kwamba dawa zote za nyumbani, viuatilifu na sumu nyingine, na silaha kama ipo, vifungiwe au vitolewe kabisa nyumbani, na kwamba asiadhibiwe wala kuhojiwa kwa yale aliyosema.

Jambo la kufungia wazazi wengi hulipuuza. "Akitaka atapata tu." Mweleze kwa nini si kweli. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hudumu dakika au saa chache, halafu hushuka. Ubongo wa kijana wa miaka 15, hasa sehemu ya mbele inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kinachomtenganisha na kifo usiku huo kinaweza kuwa kufuli na nusu saa ya kutafuta. Ndiyo maana kuzuia ufikiaji wa vitu hivi ni la kwanza kati ya mambo manne ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka katika mwongozo wake wa LIVE LIFE wa mwaka 2021. Mengine ni kushirikiana na vyombo vya habari ili vifo hivi viripotiwe kwa uangalifu, kuwajengea vijana stadi za maisha na za hisia, na kuwatambua mapema walio hatarini na kuwafuatilia.

Umwombe mama pia aache kuhesabu ada na madeni mbele ya binti, na amwambie, kwa mdomo wake, kwamba gharama zake ni kazi ya wazazi na wala si kosa lake. Wazazi hudhani watoto wanalijua hilo. Huyu halijui.

Sasa orodha yako. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 365 za miaka 50 kuhusu vihatarishi vya kujiua. Ulionyesha kwamba hakuna kihatarishi hata kimoja, wala kundi la vihatarishi, kilichotabiri nani atajaribu kujiua kwa usahihi unaozidi sana kubahatisha. Kwa hiyo yale majina yako 60 hayakukosewa. Ndivyo orodha inavyofanya kazi. Inakamata wengi ambao hawana wazo hilo na kumwacha binti mmoja ambaye analo. Kihatarishi hakikupi jina la mtu. Kinakuambia ni nani wa kumkaribia na kumuuliza kwanza.

Lakini uzito haulingani, na hapo umeuliza swali zuri. Kuliko yote, jaribio la awali. Aliyewahi kujaribu, hata miaka miwili iliyopita, hata kama familia inaliita "utoto", awekwe mbele ya wengine wote. Kisha sonona, hasa yenye kukata tamaa. Kwa wabalehe sonona haivai huzuni kila mara. Huvaa hasira, ugomvi, kukasirika kwa neno dogo, kuumwa kichwa na tumbo bila ugonjwa kuonekana. Mvulana anayepigana kila wiki hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, na pengine alistahili kuletwa kwako. Katika nchi nyingi wasichana huripoti mawazo na majaribio mengi zaidi, ilhali wanaokufa wengi ni wavulana. Basi ukimya wa mvulana usiupokee kama uzima.

Unyanyasaji wa kingono na ukatili wa nyumbani ni mzito, na huishi muda mrefu baada ya tendo. Pombe na dawa za kulevya huongeza pupa usiku ule ule ambao huzuni ipo. Mtu wa familia kujiua, au mwanafunzi mwenzake kujiua, huwagusa marafiki na pia wale waliokuwa wamedhoofika kwa sababu zao wenyewe, hata kama hawakumjua sana marehemu. Ugonjwa sugu, ulemavu unaochekwa, mimba inayofichwa, njaa ya kila siku, vyote vinahesabika.

Wazazi kutengana na kushuka kimasomo, peke yake, si vizito kama orodha inavyodokeza. Kinachouma ni badiliko la ghafla na aibu inayolifuata: matokeo yaliyobandikwa ukutani, picha iliyosambazwa, kufukuzwa shule, kuachwa na mpenzi mbele ya wenzake. Ukiona jeraha la zamani limekutana na pigo la wiki hii, na nyumbani vitu vya hatari viko wazi, huyo usimpe miadi ya wiki ijayo. Na mwanafunzi hodari kama binti huyu huponyoka kila orodha kwa kuwa tunahesabu alama zake za mtihani kuwa ushahidi wa afya.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la afya ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 17, linalotumika katika nchi nyingi tangu mwaka 2003, la kujibiwa bila jina. Mambo yanayoandamana na mawazo ya kujiua katika dodoso hilo, nchi baada ya nchi, mengi ni ya kawaida mno kiasi cha kupuuzwa: upweke, wasiwasi unaoondoa usingizi, kutokuwa na rafiki wa karibu, kuonewa. Upande wa kinga hujitokeza mzazi anayeelewa shida za mtoto wake. Katika vihatarishi ulivyotutajia hayo hayamo, isipokuwa kuonewa, nasi tungeyatanguliza. Muulize kila mwanafunzi unayekaa naye: unalala saa ngapi, na nini hukuamsha? Mapumziko unakuwa na nani? Nyumbani yupo mtu mzima mmoja unayeweza kumweleza likikukuta? "Hayupo" ni jibu la kufanyiwa kazi siku hiyo.

Mvulana wa viatu umepewa majibu matatu ya namna hiyo bila hata kuuliza: anaonewa, usingizi wake umevurugika, anagawa vitu vyake. Muulize maswali yale yale, na viatu vitaje kwa jina. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Chunguza kama ujumbe wa dhihaka unaingia usiku naye anaamka kuusoma. Hifadhini picha za maandishi hayo kabla hayajafutwa. Usimnyang'anye simu, kwa kuwa kesho atajifunza kukuficha. Usiwaite yeye na wanaomwonea chumba kimoja wapeane mikono, maana upatanisho wa haraka humwacha aliyeonewa bila ulinzi mara mlango ukifungwa. Shughulikia waonevu peke yao, kila mmoja kivyake, na uwaangalie nao: mtoto anayeonea wenzake huku naye akionewa kwingine yumo katika kundi lenye hatari kubwa.

Kwa mkuu wa shule, mwombe kwa adabu lakini kwa uthabiti asiite wazazi 60. Baadhi ya watoto hao watapigwa jioni hiyo kwa "kuiaibisha familia", na karatasi yenye majina ikionekana kwenye chumba cha walimu, kabla ya Ijumaa shule nzima itakuwa inajua. Iharibu. Mpelekee kitu kingine. Utafiti wa SEYLE, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wanafunzi 11,110 katika shule 168 za nchi 10 za Ulaya, ukalinganisha kuwafundisha walimu kutambua dalili, kuwachuja wanafunzi kwa dodoso, na kuwafundisha wanafunzi wenyewe. Baada ya miezi 12, kundi lililofundishwa lenyewe ndilo pekee lililoonyesha tofauti ya wazi: majaribio mapya na mawazo makali ya kujiua yalikuwa karibu nusu ya yale ya kundi la ulinganisho. Mafunzo hayo yalichukua saa 5 ndani ya wiki 4, sehemu kubwa ikiwa maigizo ambayo wanafunzi wanacheza hali zao na kuzungumza. Mwanafunzi mwenzake hujua kabla yako. Aliyepewa viatu alijua juzi.

Pamoja na hilo, shule iwe na ukurasa mmoja ulioandikwa: nani hupokea taarifa, nani anachukua nafasi yake asipokuwepo, nani hukaa na mwanafunzi, namba za mzazi, hospitali na ustawi wa jamii, usafiri unatoka wapi, na nani anaandika kumbukumbu na kuzifungia. Mambo haya huharibika mara nyingi kwa sababu ndogo kama hizi: mwalimu mwenye namba yuko likizo.

Mwanafunzi akirudi shuleni baada ya matibabu, usidhani hatari imekwisha. Wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali huwa miongoni mwa zile zenye hatari kubwa zaidi. Kutaneni na mzazi kabla ya siku ya kurudi, mpunguzieni kazi zilizolimbikizana, mkubaliane naye awaambie nini wenzake, na mtu mzima mmoja amwone dakika tano kila asubuhi. Kama ameanza dawa za sonona, wiki za mwanzo angalieni fadhaa isiyo ya kawaida, kukosa usingizi na kubadilika ghafla, mkamjulishe daktari. Asiziache mwenyewe ghafla. Na maswali yale yale muulize tena, wiki kwa wiki, hata akiwa anacheka.

Huenda anayesoma hapa ni mwanafunzi, na sentensi ya yule binti ungeweza kuiandika wewe. Leo, mwendee mtu mzima mmoja umwambie: "Nina mawazo ya kujiua na ninahitaji unisaidie." Ikikushinda kuitamka, iandike kwenye karatasi umpe mkononi, ubaki hapo asome. Ikiwa umefika hatua ya kutaka kufanya, usikae peke yako. Toka uende walipo watu, na mwombe mmoja wao akupeleke hospitali. Wa kwanza akikwambia unatafuta huruma, nenda kwa wa pili siku hiyo hiyo, na kwa wa tatu.